Kwaya, ndege ya mwaka 1932 na simu ya mwalimu

Najua nimepotea wiki mbili nzima. Test zilibana, boom likachelewa kama kawaida yake, na baridi la Iringa msimu huu si la mchezo, yaani mtu unapiga msuli huku umejifunika blanketi begani kama mzee wa ukoo. Leo nimerudi na somo refu kidogo, hivyo andaa chai yako kabisa. Ni historia yenye fizikia ndani yake. Nyie wa HGL msikimbie, hesabu zangu za leo ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu.

Chanzo chake ni ubishi. Mshikaji wangu mmoja anasoma uhandisi Mbeya, pale MUST. Juzi kanitumia video WhatsApp: kindege kidogo cha foma, kinaendeshwa kwa rimoti, kinapita juu ya uwanja na kupotea. Chini kaandika kwa majigambo, "Mwalimu, kitu 180 hiyo!" Kilomita 180 kwa saa, yaani. Mimi nikamjibu kwamba hata mabasi ya usiku ya Mbeya hayafiki huko. Tukabishana weee, hadi tukawekeana soda.

Sasa swali likawa: mtu uko Iringa, ndege iko Mbeya, kati yenu kuna kilomita zaidi ya 300 na Makambako katikati, utaipimaje mwendo? Huna kamba wala tochi ya trafiki, na kindege chenyewe hakina spidomita. Nilichokuwa nacho ni sauti tu ya ile video. Kumbe sauti inatosha kabisa!

Room mate wangu ni mwanakwaya. Alikuwa amelala kitandani kageukia ukutani, akasikia ile sauti ya kindege kikija "iiiiii" halafu kikipita "eeeeee". Bila hata kugeuka akasema, "Hiyo ni so kwenda mi." Nikafungua programu ya kuchambua sauti kwenye simu. Kindege kikija mlio ulikuwa Hz 300, kikiondoka Hz 250. Chukua 300 ugawanye kwa 250 unapata 1.2, na 1.2 ndiyo nafasi iliyopo kati ya so na mi kwenye solfa. Sikio la kwaya na simu vilisema kitu kile kile.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua masafa ya kuja, toa masafa ya kuondoka: 300 toa 250 ni 50. Jumlisha yote mawili: 550. Gawanya 50 kwa 550, kisha zidisha kwa mwendo wa sauti hewani, ambao tuuite mita 340 kwa sekunde. Jibu ni karibu mita 31 kwa sekunde, sawa na kilomita 111 kwa saa. Siyo 180! Soda nimeshatumiwa kwa M-Pesa, asante kaka.

Utamu wa njia hii ni kwamba hauhitaji kujua injini ilikuwa inalia vipi hasa. Kile kisichojulikana kinajifuta chenyewe kwenye kugawanya. Hata WhatsApp ikiibana sauti ikawa mbaya, uwiano wa milio miwili unabaki ule ule. Ndipo nikakaa nikajiuliza: hii akili ilitoka wapi, na sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tumo wapi ndani yake? Nikazama maktaba. Nilichopata ndicho hiki.

MWALIMU WA PRAGUE

Christian Doppler alizaliwa Salzburg, Austria, mwaka 1803. Alikuwa mwalimu wa hisabati huko Prague, na Mei 25 mwaka 1842 alisimama mbele ya chama cha wanasayansi wa mji ule akasoma andiko lake. Cha ajabu, hakuwa anazungumzia magari wala ndege. Alikuwa anazungumzia rangi za nyota pacha. Alisema kitu kinachotoa mawimbi kikikusogelea, mawimbi yanakufikia yakiwa yamebanana. Kikikukimbia, yanakufikia yakiwa yameachana. Kwenye rangi za nyota alipitiliza, maana mwendo wa nyota zile ni mdogo mno kuweza kubadilisha rangi ambayo jicho linaiona. Lakini kanuni yenyewe ilikuwa sahihi.

Watu hawakumwamini. Kijana mmoja wa Uholanzi, Buys Ballot, umri miaka 27, aliamua kulipima jambo hili mwaka 1845. Enzi hizo hakukuwa na maikrofoni wala kifaa cha kusoma masafa. Alichofanya ni kuchukua wanamuziki. Baadhi akawapandisha kwenye treni ya reli ya kati ya Utrecht na Maarssen wakipuliza nota moja, wengine akawasimamisha kando ya reli wasikilize. Mwezi Februari baridi ikawashinda wakaahirisha, Juni wakarudia. Treni ikija wasikilizaji wakasikia nota imepanda kidogo, ikiondoka imeshuka. Doppler akawa ameshinda kwa upande wa sauti, ingawa Buys Ballot aliendelea kuikataa ile habari ya rangi za nyota.

Hebu simama hapo kidogo mdau. Kipimo cha kwanza cha maana cha Doppler kilifanywa kwa masikio ya watu wa muziki. Maabara yao ilikuwa treni, tarumbeta na watu waliofunzwa kusikia. Shikilia hilo, nitalirudia nikifika kwenye shule zetu.

MBEYA KWENYE RAMANI YA NDEGE

Huwa nawasikia watu wakisema Mbeya ilianza kuona ndege kubwa Desemba 2012, uwanja wa Songwe ulipofunguliwa. Hapana bwana. Miaka 80 kabla ya Songwe, Mbeya ilikuwa kituo kwenye njia ya ndege kutoka London hadi Cape Town!

Shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kwa njia hiyo Januari 1932, na abiria wakaanza Aprili mwaka huo. Safari nzima ilichukua kama siku 11. Ukishafika Nairobi, vituo vilivyofuata ni Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika na Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, Zambia, halafu unaendelea kusini. Kwa hiyo wakati miji mingi ya Afrika ilikuwa haijawahi kusikia ratiba ya ndege, Mbeya, mji uliokuwa umeanza tu miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, ulikuwa na ndege ya kimataifa. Mambo hayo yalidumu hadi 1937, shirika lilipohamia kwenye ndege za kutua majini zilizopita pwani kwa Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Mbeya haina bahari, basi ikaachwa milimani kwake.

Ndege iliyotumika kipande hiki hapo mwanzo ni de Havilland Hercules, ya mabawa mawili-mawili, injini tatu, abiria kama 7 na magunia ya barua. Mwendo wake wa kawaida angani ulikuwa karibu kilomita 177 kwa saa. Nikaifanyia hesabu ya kindege cha mshikaji wangu, ila kwa kugeuza. Kilomita 177 kwa saa ni mita 49 kwa sekunde. Chukua 340 jumlisha 49, gawanya kwa 340 toa 49. Unapata 1.337. Nikamuuliza room mate, akaniambia uwiano wa 4 kwa 3, yaani 1.333, ni fa na do. Kwa hiyo Hercules ingepita chini chini juu ya kichwa chako kwa mwendo wake wa safari, mlio wake ungeshuka kutoka fa hadi do. Aliyekuwa analima mahindi siku hiyo na ana sikio la kuimba angeweza kukuambia mwendo wa ndege ya Mwingereza bila kupanda hata ngazi moja ya ndege hiyo. Namba hakuwa nazo, lakini kipimo alikuwa nacho masikioni.

Rubani yeye alipimaje? Alitumia mrija wa Pitot. Henri Pitot alikuwa Mfaransa aliyeutumia mwaka 1732 kupima maji ya mto Seine yanavyokimbia. Kwenye ndege, mrija huo unaelekezwa mbele, hewa inausukuma, na kile kisukumo ndicho kinachosomwa kuwa mwendo. Sasa kwetu milimani kuna kasheshe. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar. Hewa nyepesi inausukuma mrija kidogo, kwa hiyo kifaa kinasoma pungufu. Kwa urefu ule, mwendo halisi unazidi ule unaosomwa kwa kama asilimia 8 au 9. Marubani wanajua na wanarekebisha.

Je, njia ya sauti nayo inaharibika milimani? Hapa ndipo wengi wetu tunadhani jibu ni ndiyo, eti kwa sababu hewa ni nyepesi. La hasha! Mwendo wa sauti hewani haujali wepesi wa hewa, unajali joto. Asubuhi ya Julai Mbeya ikiwa nyuzi 8, sauti inakwenda kama mita 336 kwa sekunde. Mchana nyuzi zikifika 24 inakwenda kama mita 346. Tofauti ni asilimia 3 tu. Ukitaka kuwa makini, chukua 331 ujumlishe 0.6 mara nyuzi joto za siku hiyo, basi umemaliza.

KUTOKA RIMOTI HADI TOCHI

Habari ya kuendesha chombo kwa redio nayo si ya jana. Nikola Tesla alionyesha boti ya kuendeshwa kwa redio New York mwaka 1898, watu wakadhani ni uchawi. Mwaka 1935 Waingereza walitengeneza Queen Bee, ndege ya kuongozwa kwa redio kutoka chini, ili askari wao wa mizinga wapate shabaha ya kufanyia mazoezi. Wengi wanasema jina la drone, yaani nyuki dume, limetokana na huyo Malkia wa Nyuki. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndugu wawili mapacha Marekani, Walter na William Good, wakawa wanarusha ndege ya mfano kwa redio waliyojitengenezea wenyewe. Huyo ndiye babu wa kindege cha MUST.

Wakati huo huo Doppler naye alikuwa anahama kutoka kwenye sauti kwenda kwenye redio. Vita Kuu ya Pili ilileta rada, na mwishoni mwa miaka ya 1940 polisi wa Marekani wakaanza kuielekeza rada barabarani. Wimbi linatoka kwenye kifaa, linagonga gari, linarudi likiwa limebadilika masafa, na kifaa kinasoma mwendo. Wote tuliosafiri Iringa kwenda Mbeya tunamjua mjukuu wake: ni ile tochi ya trafiki aliyejibanza chini ya mti, na madereva wanaotoka mbele wakiwashiana taa kuambiana "kuna tochi huko!" Basi linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, na vijijini kwenye vibao, 50.

Na hizi ndege zisizo na rubani hazichezewi na watoto tu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza mradi wa kupiga picha visiwa vyote kwa kutumia droni ndogo za foma aina ya eBee, na wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Mwaka 2018 Wajerumani wa DHL, Wingcopter na GIZ walijaribu kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe: kilomita 60 juu ya ziwa kwa wastani wa dakika 40. Fanya hesabu mwenyewe, ni kilomita 90 kwa saa, wakati kwa barabara ni kuzunguka kilomita 240. Mgonjwa anayesubiri dawa, kwake swali la "inakimbia kiasi gani" siyo la kubishania soda.

Angalizo wadau: kurusha hivi vitu nchini kunahitaji kibali, TCAA ndio wenye anga. Usije ukaninukuu mahakamani.

SIMU

Mlango wa mwisho ulifunguka simu janja zilipoingia, kuanzia 2007 na 2008. Maikrofoni ya simu inaichukua sauti vipande 44,100 au zaidi kila sekunde, na ubongo wa simu unaweza kuvichambua papo hapo na kukuonyesha mlio una masafa gani. Watu wa ndege za rimoti duniani wakaona mwanya: weka simu chini, pitisha ndege juu yake, soma mwendo. Mwaka 2016 chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, kikatoa programu ya bure iitwayo phyphox, yenye uchambuzi wa sauti na majaribio mengine kibao ya fizikia. Inafanya kazi hata kwenye simu za bei ya kawaida tunazonunua Mwanjelwa au Miyomboni.

Ukitaka kujaribu, masharti ni machache. Ndege ipite kwa mstari ulionyooka, injini isiongezwe wala kupunguzwa, na ipite karibu nawe. Usisome mlio ikiwa juu ya kichwa chako. Soma ikiwa bado mbali inakuja, na tena ikiwa imeshaenda mbali, kwa sababu pale katikati haikusogelei wala haikukimbii. Upepo ukiwepo, ipitishe mara mbili, kwenda na kurudi, kisha uchukue wastani. Zile droni za mapanga manne usihangaike nazo, injini zake kila moja inalia kivyake.

SASA SISI WALIMU WATARAJIWA

Hapa ndipo penye mzigo wangu. Miezi michache ijayo naenda TP, na nimeomba mkoa wa Mbeya. Doppler ipo kwenye mada ya mawimbi, kidato cha tano na sita. Tuliisomaje sisi? Fomula ubaoni, alama ya kujumlisha juu, ya kutoa chini, "chanzo kikija weka hii, kikienda weka ile", tukadesa, tukajibu mtihani, tukasahau. Mimi nilifaulu swali la Doppler bila kuwahi kusikia Doppler. Yaani basi lilipita mbele ya geti la shule yetu kila siku likipiga honi, na hakuna aliyetuambia kwamba somo lenyewe ndilo lile linapita.

Shule nyingi tutakazopangiwa maabara yake ni kabati moja lenye kufuli, ufunguo anao mtu aliyesafiri. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, na sheria hiyo siendi kuivunja. Simu itakuwa moja, ya mwalimu, na darasa lina watu 60. Hapo ndipo Buys Ballot ananiokoa. Mwaka 1845 yeye hakuwa na simu hata moja, ila alikuwa na wanamuziki. Na niambie, ni shule gani ya Mbeya au Iringa isiyo na kwaya? Watoto wa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena na Kikinga wanaimba sauti nne bila kinanda. Sisi maabara tunayo, tumeizoea tu kuiita kwaya.

Kwa hiyo nimeandaa ngazi yangu, naigawa bure, mwenye kudesa na adese. Mlio wa kitu kinachopita ukishuka:

kutoka fa hadi mi, yaani nusu hatua: kama kilomita 35 kwa saa, bodaboda anayekwenda kwa adabu.

kutoka re hadi do, hatua nzima: kilomita 72 kwa saa, basi linalotii sheria.

kutoka so hadi mi: kilomita 111 kwa saa, kindege cha mshikaji wangu, au basi linalotafuta matatizo.

kutoka fa hadi do: kilomita 175 kwa saa, Hercules ya 1932.

Mpango ni huu. Bodaboda mmoja, honi ikiwa imebanwa muda wote, apite kando ya uwanja wa mpira, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kidogo haraka. Darasa lisimame mbali na njia, wale wa kwaya waimbe nota ya kuja na nota ya kuondoka, wengine wahesabu. Mwishoni ndipo simu ya mwalimu itoke mfukoni kuhakiki. Nataka wao watangulie kujua, simu ifuate nyuma kuthibitisha. Ikitangulia simu, watadhani sayansi imo ndani ya simu.

Kuna jambo moja linanisumbua ambalo sitalificha. Katika historia hii yote, vifaa vya kupimia vilikuwa mikononi mwa wengine. Mrija wa Pitot ulikuwa kwa rubani wa Imperial, rada kwa jeshi, tochi kwa trafiki. Mtu wa Mbeya alikuwa anapitiwa juu, au anapimwa. Leo abiria aliyesimama Uyole anaweza kusikia basi linapita na kujua, kwa sikio lake, kwamba kabla hajapanda la namna hiyo afikirie mara mbili. Tunaoifahamu ile barabara, na makaburi iliyotuachia, tunajua kwamba ujuzi huo si wa kupatia maksi tu.

Basi kazi ya wiki hii kwenu: ukiwa kituoni, Ipogolo, Mafinga, Mwanjelwa au popote ulipo, sikiliza honi ya basi linalopita bila kusimama. Imba ile ya kwanza, imba ile ya pili, tafuta zinaachana nota ngapi. Mkipata majibu tupieni hapo chini, na kama kuna mtu wa kwaya anayeona ngazi yangu ina walakini, aje tubishane kwa hoja. Wiki ijayo, boom likitoka, naandika kuhusu ule mtihani wa saikolojia ya elimu uliotutoa jasho kwenye baridi.

Nawasilisha.